Fahamu Namna ya Kuchagua na Kufunga Kebo za Mtandao katika Ofisi na Vituo vya Huduma

Na Mwandishi Wetu, Usevya – Katavi

Mgonjwa anapofika katika zahanati na jina lake kuingizwa katika kompyuta, au mfanyabiashara anapofika ofisini kuchukua namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, huduma anayoisubiri hupita kwanza katika kebo nyembamba iliyotandazwa ukutani. Kebo hiyo ikiwa duni au ikifungwa vibaya, kompyuta huonesha kuwa hakuna mtandao, na mwananchi huambiwa arudi kesho.

Kwa mkazi wa Usevya, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, neno hilo lina gharama. Anayeamua kuifuata huduma Mpanda hulazimika kusafiri kwa barabara inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kulipa nauli na kupoteza siku nzima ya kazi katika shamba lake la mpunga.

Tanzania imejenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), na kuunganishwa na dunia kupitia mikongo ya baharini, ikiwemo SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Juu ya miundombinu hiyo hufanya kazi mifumo kama GoTHOMIS katika vituo vya afya, FFARS katika uhasibu wa vituo vya huduma na NeST katika ununuzi wa umma. Hata hivyo, mita chache za mwisho, kutoka kwenye ruta au swichi hadi kwenye kompyuta, zipo chini ya uangalizi wa kituo chenyewe. Makala haya yanaeleza misingi ambayo mtumishi, mwalimu, fundi anayeanza au mwananchi mwenye duka la huduma za intaneti anapaswa kuifahamu.

Aina za kebo

Kebo ya kawaida ya mtandao ina nyaya nane, zilizosokotwa mbilimbili kufanya jozi nne. Msokoto huo hupunguza mwingiliano wa mawimbi kati ya jozi moja na nyingine, pamoja na ule unaotoka nje ya kebo. Kwa sababu hiyo, anayefumua msokoto kupita kiasi huiharibu kebo, hata kama hakuna waya uliokatika.

Madaraja yanayopatikana zaidi madukani ni Cat5e, Cat6 na Cat6A. Cat5e hubeba kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na inatosha kwa matumizi ya zahanati au ofisi ya kata. Cat6 hubeba kasi hiyohiyo kwa umbali huohuo, na inaweza kufikisha gigabiti 10 katika umbali mfupi usiozidi takriban mita 55. Cat6A hubeba gigabiti 10 hadi mita 100, lakini ni nene na ngumu kuipinda. Kwa jengo jipya linalotarajiwa kutumika miaka mingi, Cat6 ni chaguo lenye busara.

Umbali wa mita 100 ni kikomo. Utaratibu uliozoeleka ni kutumia mita zisizozidi 90 kwa kebo iliyofungwa moja kwa moja ukutani, na kuacha mita 10 kwa kebo fupi za kuunganishia vifaa katika ncha zote mbili.

Tahadhari dhidi ya kebo duni

Madukani zipo kebo ambazo nyaya zake ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Huuzwa kwa bei ya chini, na kwa kuzitazama haziko tofauti na nyingine. Aluminiamu hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, hukatika upesi inapopindwa, na hupata joto zaidi pale kebo inapotumika kupeleka umeme kwenye kamera au kifaa cha kurushia mtandao usiotumia waya.

Mnunuzi anaweza kujiridhisha kwa hatua tatu. Kwanza, asome maandishi yaliyo kwenye ganda la kebo. Herufi CCA humaanisha aluminiamu iliyopakwa shaba. Pili, alinganishe uzito. Boksi la mita 305 la shaba tupu ni zito kwa kiasi kinachohisika mkononi. Tatu, aukwangue waya mmoja kwa wembe. Shaba tupu hubaki na wekundu wake hadi ndani, ilhali aluminiamu huonesha rangi ya fedha.

Kwa taasisi za umma, ulinzi wa kwanza ni maelezo ya mahitaji yanayoandikwa kabla ya ununuzi. Kuandika "kebo ya mtandao boksi moja" hakumfungi mzabuni kwa lolote. Iandikwe daraja la kebo, kwamba nyaya ziwe shaba tupu, na kama itatumika ndani au nje ya jengo. Kamati ya ukaguzi na mapokezi nayo itapata kigezo cha kukataa mzigo usiostahili.

Nje ya jengo

Ganda la kebo ya ndani hupasuka likikaa juani kwa muda mrefu. Kebo ya nje huwa na ganda jeusi gumu linalostahimili jua, na nyingine huwa na mafuta mazito ndani ya kuzuia maji. Aidha, mvua za Katavi, ambazo kwa kawaida hunyesha kati ya Novemba na Aprili, huambatana na radi. Kebo ya shaba inayounganisha majengo mawili inaweza kubeba mshtuko wa radi na kuunguza vifaa katika majengo yote mawili. Kati ya jengo na jengo inashauriwa kutumia kebo ya faiba, ambayo nyuzi zake za kioo hazipitishi umeme. Iwapo faiba hiyo ina waya wa chuma wa kuishikilia, waya huo ufungiwe ardhi.

Hatua za kufunga kichwa cha kebo

Vifaa vinavyohitajika ni vichwa vya RJ45, koleo ya kubania vichwa, kisu kidogo na kipimo cha kebo.

1. Menya ganda la nje takriban sentimita 3 bila kuzijeruhi nyaya za ndani.

2. Fumua jozi, zinyooshe na uzipange kwa utaratibu uitwao T568B: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia.

3. Kata ncha zilingane, ukibakiza takriban milimita 13.

4. Shika kichwa ulimi wake ukitazama chini na mdomo wa kuingizia nyaya ukikuelekea. Waya wa kwanza huwa upande wa kushoto. Sukuma nyaya hadi zifike mwisho, na uhakikishe ganda la nje limeingia ndani ya kichwa.

5. Bana kwa koleo hadi mwisho, kisha rudia utaratibu uleule wa rangi katika ncha ya pili.

Wapo wanaopanga rangi kwa mpangilio wowote mradi ncha zote zifanane. Hilo ni kosa. Kipimo cha kawaida kitawasha taa zote kuanzia 1 hadi 8, lakini nyaya zinazopaswa kufanya kazi pamoja zitakuwa katika jozi tofauti, na mtandao utakuwa wa kusuasua au kukatika hasa kebo inapokuwa ndefu.

Vilevile, kasi ya megabiti 100 hutumia nyaya nne tu: ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti 1 huhitaji zote nane. Hivyo basi, kompyuta inayoonesha megabiti 100 ilhali vifaa vyote vina uwezo wa gigabiti 1 inaashiria kuwa huenda upo waya usiogusa, na kichwa kinapaswa kukatwa na kufungwa upya.

Kabla ya kumlipa fundi

Wakuu wa vituo wanashauriwa kushuhudia kila kebo ikipimwa, kuhakikisha ncha zote mbili zimeandikwa namba inayofanana, na kutunza mchoro mdogo unaoonesha kila kebo inapoanzia na inapoishia. Mchoro huo utamwezesha mtumishi aliyepo kituoni kutambua kebo yenye hitilafu siku hiyohiyo, ili mwananchi aliyekwisha kufika ahudumiwe bila kuambiwa arudi kesho.