Upepo Ulipita, Jiko Likabaki Chumbani

Akina mama wenzangu, sisi wa Dar es Salaam tulizoea kusikia habari za vimbunga kwenye redio kama mambo ya Msumbiji na Madagaska. Shida yetu tuliyoijua ni mafuriko ya Jangwani, na huku Sinza ni Mto Ng'ombe unapofurika na kuingia majumbani. Mwanzoni mwa Mei 2024 ndipo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotutangazia kwamba Kimbunga Hidaya kinakuja upande wetu wa pwani.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 4 Mei, ikatokea hitilafu katika Gridi ya Taifa na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Siku hiyohiyo Hidaya kilifika kisiwani Mafia. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimama, na wavuvi wakaonywa wasiende baharini. Hapa mjini tulipata mvua na upepo. Umeme wa gridi ulirudishwa, lakini katika kichochoro chetu tawi la mwembe lilikuwa limeangukia nyaya, hivyo jioni ile tulikuwa bado tunatumia mishumaa.

Hodi ya saa nne usiku

Nilikuwa nimekwisha kufunga mlango niliposikia hodi ya haraka. Alikuwa ni jirani yangu, ametoka kazini na nguo zimelowa. "Dada, njoo umwone mama watoto. Haamki vizuri, na mdogo anatapika."

Nilipoingia chumbani mwao nilielewa. Mama yule alikuwa amepika uji nje, mvua ikamzidi, akaliingiza jiko la mkaa chumbani ili likaushe nepi na kuwapa watoto joto. Dirisha alikuwa ameliziba kwa khanga kwa sababu ya upepo. Akawalaza watoto watatu, naye akajinyoosha pembeni yao.

Tuliwatoa wote barazani, tukafungua milango na madirisha. Bibi wa nyumba ya pili alikuja mbio na kikombe cha maziwa, kama wengi wetu tulivyofundishwa. Nilimshukuru, nikamwomba ayaweke kando. Maziwa hayaondoi sumu iliyoingia kwa kupumua, na mtu aliyelegea anaweza kupaliwa. Tulitafuta bajaji, tukawapeleka hospitali wakawekewa oksijeni. Wote wanne walirudi nyumbani wazima, tunamshukuru Mungu.

Baada ya siku mbili mama yule aliniambia, "Dada, mkaa ule ulikuwa umeshika vizuri kabisa. Haukuwa na moshi hata kidogo." Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Mkaa ulioshika na kuwa mwekundu bado hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu huchukua nafasi ya oksijeni, na mtu husinzia bila kujua kwamba anakufa. Jenereta inayowashwa ndani au kwenye korido hutoa hewa hiyohiyo. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, usifikirie malaria kwanza. Toka nje na wote, kisha nendeni hospitali.

Pwani yetu si ngeni kwa vimbunga

Vimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, na huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ambao karibu na ikweta ni dhaifu. Ndiyo maana hutufikia mara chache. Hata hivyo wazee wetu walivijua. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu mingi sana na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 Lindi nayo ilipigwa.

Hidaya kilipungua nguvu kilipofika kwetu, lakini mvua zake ziliwaumiza ndugu zetu wa kusini. Barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakakwama kwa siku kadhaa. Rufiji na Kibiti walikuwa tayari wamefurikiwa mwezi uliotangulia. Fikiria mama mjamzito aliyekuwa anasafirishwa kwenda hospitali kubwa akaikuta barabara haipo.

Tujiandae namna gani?

Kwanza, taa. Ni heri tochi au taa ndogo ya jua kuliko mshumaa. Kama huna budi kutumia mshumaa, uweke ndani ya sahani yenye mchanga, mbali na chandarua, na uuzime kabla ya kulala.

Pili, umeme. Chomoa friji na televisheni mara umeme unapokatika, kwani unaporudi kwa nguvu huunguza vyombo. Waya ulioanguka usiuguse wala kuuvuka, hasa penye maji. Wafundishe watoto hivyo kabla ya mvua.

Tatu, chakula na dawa. Friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa muda wa saa nne hivi. Samaki na nyama vikilegea, pika siku hiyohiyo. Mwenye kutumia insulini anaweza kuweka chupa yake, ikiwa imefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, ndani ya chungu kilichowekwa katika chungu kikubwa chenye mchanga mbichi katikati yao.

Nne, maji. Mafuriko huchanganya visima na vyoo, na kipindupindu hufuata. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa, au tumia dawa ya maji. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama pakiti hakuna, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpeleke kituo cha afya mapema.

Baada ya mvua

Kurudi katika hali ya kawaida si kazi ya siku moja. Dada mmoja wa mtaa wetu anayeuza samaki wa friji alipoteza mtaji wote wikiendi ile. Akina mama wa kanisani hatukumpa pole tu. Tulichanga kidogo kidogo, kila mmoja alichokuwa nacho, akarudi Feri kununua ndoo yake ya kwanza. Khanga na sufuria tulizokusanya zilipelekwa kwa waliofurikiwa.

Na yule mama wa jiko? Ukipita kwao leo jioni mvua ikinyesha, utamwona anapika chini ya kipande cha bati alichopigiliwa na mumewe barazani. Akimaliza kupika humwagia mkaa maji mpaka uzime wote, ndipo anafunga mlango na kulala na wanawe. Mama mwenzangu, usiku wa leo kabla hujafunga mlango wako, angalia jiko lako liko wapi.