Ruvuma ya angani

Usiku usio na mwezi pale Kituntu, wilayani Karagwe, huenda Ruvuma iko juu ya paa lako na usiione. Sisemi ule mto wa kusini. Hii ni asteroidi, mwamba unaolizunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, uliogunduliwa tarehe 16 Mei 1937 na Cyril Jackson huko Johannesburg. Mwaka huohuo aligundua pia Mombasa na Pemba.

Ruvuma ina upana wa takriban kilomita 37 na huzunguka Jua kwa miaka minne na nusu hivi. Ni nyeusi kama makaa, ina kaboni, na ukanda ule wa asteroidi umejaa za namna hiyo. Nimesema umejaa? Filamu ndizo zinazotudanganya, marubani wakikwepa mawe huku na kule. Kwa kweli jirani wa karibu yuko mbali mamia ya maelfu ya kilomita, na mawe yote yakikusanywa hayafikii hata asilimia 5 ya uzito wa Mwezi. Mwaka 1973 chombo cha Pioneer 10 kilimaliza kuuvuka ukanda huo salama.

Mawe meusi ya jamii hii tunayo. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini magharibi mwa Tanzania. Kilichookotwa ni gramu 705 tu. Wageni huenda Mbozi kupiga picha na lile pande la kimondo cha chuma la tani zipatazo 16, lakini kwangu mimi Ivuna ndicho kikubwa. Ukiacha gesi nyepesi, elementi zake zina uwiano uleule wa Jua, na chembe ambazo chombo cha Hayabusa2 cha Japani kilizileta Desemba 2020 kutoka asteroidi Ryugu zilifanana nacho mno.

Wakulima wa ndizi nao wana kisa chao. Tarehe 14 Agosti 1992 vimondo vilinyesha Mbale, Uganda. Kijiwe cha gramu chache kilipiga majani ya mgomba, kikapungua kasi, kisha kikamgonga mtoto kichwani bila kumdhuru.

Basi likianguka shambani kwako jiwe lenye ganda jeusi, usiliponde wala kulipitisha motoni. Usilioshe pia, kwani la aina ya Ivuna humomonyoka majini. Lifunge kwenye kitu kikavu na safi, andika saa na mahali lilipoangukia, kisha toa taarifa ofisi ya kata.