Kivuko Kilichomo Kichwani Mwetu



Sisi tukaao huku Timbwani twaijua vizuri habari ya kungoja feri. Matatu hukufikisha Likoni, na hapo barabara hukatika. Hata uwe na haraka namna gani, gari haliruki maji. Ni lazima feri ije, ipakie, ivuke, ndipo safari ianze tena ng'ambo ya pili. Leo tungependa kuongea nanyi juu ya kivuko kingine, kidogo mno, ambacho kila mtu anacho kichwani mwake. Tunayo sababu ya kuongea habari hii, nayo haitupi sifa.

Ubongo wa mtu una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86. Ndani ya chembe, habari hukimbia kwa nguvu ya umeme. Lakini ikifika mwisho wa chembe, mara nyingi hukuta njia imekatika, maana chembe ile na jirani yake hazigusani. Katikati pana mwanya uitwao sinapsi. Chukua milimita moja uigawe mafungu 50,000; fungu moja ndilo upana wake. Hapo vifuko vidogo hupasuka na kumwaga kemikali, nayo huvuka na kupokewa upande wa pili. Kemikali nyingine huiambia chembe ya pili, "Endelea." Nyingine huiambia, "Tulia." Yote hayo huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, jambo ambalo feri yetu haijaliweza.

Zamani wataalamu walibishana sana kama ni umeme unaovuka au ni kitu kingine. Otto Loewi, aliyekuwa akifundisha Austria, aliota usiku njia ya kulijua jambo hilo, akaandika haraka kwenye karatasi, na asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku uliofuata ndoto ikarudi, naye safari hii akaondoka kitandani na kwenda kazini moja kwa moja. Alichukua mioyo miwili ya vyura, akausisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza hata ukapiga polepole. Kisha maji yaliyokuwa katika moyo ule akayatia katika wa pili, nao ukapunguza mwendo. Basi ilikuwa ni kemikali. Aliitangaza kazi hiyo mwaka 1921, na mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel.

Tena vivuko hivi havikai vile vile siku zote. Kinachotumiwa sana hupata nguvu, na kilichoachwa hufifia. Eric Kandel wa Marekani alilionyesha jambo hilo kwa konokono wa baharini, akapata Nobel mwaka 2000. Nanyi mmeliona katika kwaya: wimbo mpya Ijumaa ni kukwaruzana tu, sauti ya tatu haijui iingie wapi, na baada ya majuma mawili watu wanaimba bila karatasi.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuleta. Katika ubongo wenye afya, wale wasemao "Endelea" na wale wasemao "Tulia" hupimana. Katika kifafa, mizani hiyo huharibika kwa kitambo, chembe nyingi zikapiga kelele kwa pamoja, na mtu akaanguka. Huku Pwani wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba degedege la mtoto ni nyuni au pepo. Lakini watafiti wa Kilifi waliwafuata watoto waliowahi kulazwa kwa malaria ya ubongo, na mwaka 2004 wakaeleza kwamba kama 9 katika kila 100 walikuwa na kifafa miaka kadhaa baadaye. Kwa watoto ambao hawakupata malaria kali, walikuwa kama 2. Mbu, basi, anayo sehemu yake.

Ndugu wengine hutujibu kwa Mathayo sura ya 17, habari za yule kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini. Tunawaomba wasome pia sura ya 4. Hapo wenye pepo wametajwa, na wenye kifafa wametajwa, kila kundi kwa jina lake.

Miaka michache iliyopita tulimwombea mtoto wa jirani yetu mwenye kifafa. Siku zikapita bila kuanguka, tukamshukuru Mungu mbele ya watu wote. Hatukuuliza habari za dawa. Mama yake akaviacha vidonge siku ile ile, na juma halikwisha mtoto alianguka mara nyingi mfululizo, hata akapelekwa hospitali usiku hajitambui. Tulipomwendea mama, alituambia, "Nyinyi ndinyi mliosema amepona. Aliyepona anywa dawa ya nini?" Hatukuwa na jibu.

Tabibu ndiye aliyetueleza. Kidonge cha fenobabitoni huitia nguvu ile kemikali isemayo "Tulia." Mtu akikinywa kila siku, vivuko vya ubongo hukizoea na kujipanga upya kukifuata. Kikiondolewa ghafula, mtulizaji hayupo, na ubongo bado unamtegemea. Ndiyo maana kifafa hurudi kwa ukali kuliko kwanza, na huweza kuua. Dawa ikifaa kuachwa, tabibu huipunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi. (Na mtu akianguka mbele yako, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, wala usimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano, tafuta gari.)

Mtoto yule alirudishiwa dawa zake, naye yumo shuleni. Bado tunamwombea kila Jumatano. Siku hizi, tukisha kusema amina, mmoja wetu humwuliza mama yake vidonge vimebaki vingapi.