Mashairi ubavuni mwa dirisha

Nilikuwa nafuatilia merikani, ile nguo nzito ya pamba isiyopaushwa waliyojitanda wazee wetu kutoka Unguja hadi Ujiji, nikafika kwenye dirisha la kiwanda huko Massachusetts. Hapo nikanasa.

Kando ya dirisha hilo, katika mji wa Lowell, alifanya kazi msichana aitwaye Lucy Larcom. Kanuni za kiwanda zilipiga marufuku kuingia na vitabu, na Lucy alikuwa na kiu ya kusoma isiyokatika. Basi akawa anakata mashairi kwenye magazeti na kuyabandika ubavuni mwa dirisha, moja baada ya jingine, hadi pakajaa. Kitabu kimekatazwa, lakini karatasi iliyogandishwa kwenye ubao si kitabu. Macho yalisoma, mashine zikiendelea kuzunguka.

Wenzake nao walikuwa na hoja zao. Wengi walilelewa katika nyumba za dini, hawakuamini kwamba marufuku ile iligusa hata Biblia. Wakaingia nazo. Msimamizi akazikamata moja moja, dawati lake likajaa Biblia. Lucy anasimulia jinsi bwana huyo alivyomnyang'anya yake binti mcha Mungu kuliko wote chumbani, kisha akamsuta yeye kwa kukosa dhamiri! Kila ninaposoma tukio hilo najiuliza kanuni ile ilikuwa inalinda nini: uzi usikatike, au akili isitoke nje ya ukuta?

Mji wenyewe ulikuwa mpya. Mfanyabiashara Francis Cabot Lowell alikwenda Uingereza mwaka 1810, akaichunguza mitambo ya kufuma ambayo Waingereza hawakuruhusu itoke nchini mwao, akarudi ameihifadhi kichwani. Mwaka 1814, pale Waltham, pamba ghafi ikawa inaingia kiwandani na kutoka nguo, kazi yote chini ya paa moja. Alipofariki, wenzake walifuata maporomoko ya mto Merrimack, wakajenga mji na kuupa jina lake. Mabinti wa wakulima waliokuwa wakisokota nyuzi nyumbani kwa mama zao wakaanza kumiminika huko, wakapokea mshahara mkononi. Kuamka, kula, kulala: yote yakaamriwa na kengele.

Babake Lucy alikuwa nahodha wa meli huko Beverly, ng'ambo tu ya bandari ya Salem. Alipokufa, mjane wake alihamia Lowell kuendesha bweni la wafanyakazi, na Lucy akaingia kiwandani akiwa na miaka 11. Kazi yake ilikuwa kutoa bobini zilizojaa na kuweka tupu. Katikati ya zamu watoto walipata nafasi ya kucheza, na mwanzoni, anasema, hata kazi aliiona mchezo. Lakini siku ilianza saa kumi na moja alfajiri na kwisha saa moja jioni. Baadaye alifuzu kuingia sekondari, ila nyumbani walihitaji mshahara wake, akarudi kwenye mashine. Hakuzipenda. Alijizoesha ngurumo zake, anaeleza, hadi zikawa kwake kama ukimya, akaweza kuwaza yake humo humo ndani.

Namwamini. Hata hivyo kumbukumbu hizo alizichapisha mwaka 1889, akiwa mshairi na mwalimu mwenye jina. Wasichana wa Lowell waligoma mwaka 1834 na tena 1836 kwa kubanwa kipato. Mwenzao Sarah Bagley, aliyedai siku ya kazi ya saa kumi, alililaumu jarida la wafanyakazi, ambalo Lucy aliliandikia, kwamba linawapendelea wenye viwanda. Je, uchungu ulipungua kwa Lucy kwa sababu alifanikiwa kuondoka? Na wale waliobaki wangesimuliaje dirisha lile?

Turudi kwenye merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani; mwaka 1837 konseli wao akawasili Unguja. Meli za Salem zilileta nguo za viwanda vya Massachusetts, zikaondoka na sandarusi na pembe za ndovu. Wapagazi waliitwika merikani hadi bara, ikapimwa kwa mikono, ikanunua pembe na chakula. Pembe zilikwenda kuchongwa vitufe vya piano. Charles Dickens alipozuru Lowell mwaka 1842 alikuta mabinti wamechangishana kununua piano za mabweni yao. Pembe za vinanda hivyo zilitoka kwa ndovu gani, na nani alizibeba hadi pwani?

Lucy hakuwa mtu wa kuona mashine yake tu. Aliandika shairi, "Weaving", ambamo mfumaji anawawaza wanawake watumwa wa Kusini waliochuma pamba iliyo mikononi mwake. Aliufuata uzi ule kurudi nyuma, hadi shambani. Lakini nguo ilikuwa inasonga mbele pia, na ilipakiwa jirani na nyumba aliyozaliwa. Nimetafuta katika maandishi yake mtu wa upande wetu, mvaaji au mpagazi, na bado namtafuta.