Mutoto Anakataa Kulala: Ufanye Nini?

Mama, magaribi umechoka, na mutoto wako wa miaka 2 bado analia, hataki kulala. Si ubaya. Mutoto wa umri huu anaogopa kuachana na mama yake. Tena akichoka kupita kiasi, usingizi unamukimbia.

Mutoto wa mwaka 1 ao 2 anahitaji masaa 11 mpaka 14 ya usingizi, pamoja na ule wa muchana. Umusaidie hivi, kila siku kwa mpango uleule:

1. Asilale muchana mpaka jua linashuka.
2. Umupe chakula mapema. Chai na kahawa, hapana.
3. Umuogeshe, umuvalishe nguo kavu.
4. Umulaze ndani ya chandarua, saa ileile. Radio ikae kimya.
5. Umuimbie pole pole, ukishika mukono wake. Akiamuka na kulia, umutulize palepale. Usimutoe kwenda kucheza.

Kisha siku kadhaa mwili wake utazoea.

Usimutishe na sindano ya muganga: usiku woga utamunyima usingizi, na kesho atakimbia kliniki.

Usimupe pombe wala siro ya kikohozi ili alale. Vitu hivi vinaweza kuzuia pumzi yake.

Mama, angalia sana: kama ana homa ao anapumua mbio, huo si ukaidi, ni ugonjwa. Na kama unamuamusha na haamuki, usingojee asubuhi. Umulete hospitali usiku uleule.