Kula Karen na Watoto Bila Kumaliza Pesa za Mwezi

Likizo ya Agosti ikifika, swali ni lile lile katika nyumba nyingi za Nairobi: watoto tuwapeleke wapi? Mara nyingi jibu huishia Karen. Kituo cha twiga kiko karibu, makumbusho ya Karen Blixen yako hapo hapo, miti ni mingi na hewa ni safi. Shida huanza saa saba mchana njaa ikibisha. Unaketi, unafungua menyu, unaona bei ya glasi moja ya juisi, na unaanza kupiga hesabu ya karo kichwani huku ukitabasamu mbele ya watoto.

Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna wanaoinuka na kuondoka, watoto wakilia hadi steji. Na kuna wanaokula, kisha bili ikija wanalipa kwa ule mkopo wa simu unaojazia pesa zikipungua. Mkopo huo una ada zake, na piza ikishaliwa haiwezi kuuzwa ilipe deni. Sisi ni kampuni ya malipo na tunafurahi ukilipa kupitia kwetu, lakini tungependa ulipe pesa ulizopanga kulipa. Karen inawezekana kula vizuri na familia kwa bei ya kadiri. Inataka tu kujua bili hupandia wapi.

Kwa nini Karen ni ghali hivyo?

Kwanza ni ardhi. Karen ilipangwa kuwa mtaa wa mashamba makubwa ya makazi, na kwa miaka mingi kipimo cha chini cha ploti kimekuwa nusu ekari. Ndiyo maana mikahawa mingi ina bustani, nyasi za kijani na nafasi kubwa ya kuegesha magari. Vitu hivyo vyote vinalipiwa na sahani yako. (Aliyekuja kwa matatu analipia maegesho asiyoyatumia, lakini hiyo ni kesi ya siku nyingine.) Pili, kwa sababu nyumba ziko mbalimbali, hakuna msururu wa hoteli ndogo zinazoshindania wateja kama utakavyopata Kawangware au Rongai. Ushindani ukiwa mdogo, bei hukaa juu.

Lakini ukichunguza bili ya familia, utagundua kwamba mara nyingi si chakula kinachomaliza pesa.

Tufanye hesabu. Hizi ni namba za mfano tu, si bei za mkahawa wowote. Baba, mama na watoto watatu wameketi. Wazazi wanachukua sahani mbili za 900, hiyo ni 1,800. Watoto kila mmoja sahani ya 500, jumla 1,500. Kila mtu juisi ya 300, hiyo 1,500 nyingine. Halafu watoto wanaona jumba la kurukia na meza ya kupakwa rangi usoni, 300 kila mtoto, 900. Bili ni shilingi 5,700, na kati ya hizo 2,400 hazikwenda kwa chakula hata kidogo. Zilikwenda kwa vinywaji na michezo.

Sasa badilisha kidogo tu. Wazazi wabaki na sahani zao. Watoto watatu wagawane sahani mbili, maana wewe mwenyewe unajua ni nani humaliza chipsi zao. Chupa mbili kubwa za maji, tuseme 150 kila moja. Michezo iwe ni nyasi za bustani na mpira uliobeba kutoka nyumbani. Jumla inakuwa 3,100. Hakuna aliyelala njaa, mahali ni pale pale, na shilingi 2,600 zimebaki kwenye simu yako.

Maandishi madogo chini ya menyu

Kabla ya kuagiza, angalia mstari wa mwisho wa menyu. VAT ni asilimia 16 na ushuru wa utalii ni asilimia 2. Mikahawa mingi huandika kwamba bei zimejumuisha vyote viwili, na hapo huna wasiwasi. Ikiwa imeandikwa kwamba bei hazijajumuisha ushuru, basi chakula cha 4,000 kinaongezeka 640 ya VAT na 80 ya utalii, unafika 4,720. Pakiwa na ada ya huduma ya asilimia 10 juu ya ile 4,000, ni 400 tena: 5,120. Umeongezewa zaidi ya elfu moja bila kuagiza hata sambusa.

Kuuliza si aibu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inampa mteja haki ya kuelezwa malipo na ada zote, ziitwe jina lolote lile, ambazo mtoa huduma anakusudia kumtoza. Na kama ada ya huduma tayari iko kwenye bili, bakshishi ya weita ni hiari yako. Usilipe mara mbili kwa sababu ya kuona haya.

Ada nyingine ya kuulizia ni ya keki. Ukileta keki ya birthday kutoka nje, sehemu nyingi hutoza pesa za kuikata na kuileta mezani. Wengine hawatozi ukiagiza chakula cha watu kadhaa. Utajua tu ukipiga simu mapema.

Piga simu, hata kama umeona mtandaoni

Picha za menyu kwenye ramani za mtandaoni zinasaidia, lakini angalia tarehe. Menyu iliyopigwa picha 2021 itakudanganya. Chukua namba yao na upige asubuhi, wakati hawana kazi nyingi. Sema hivi: "Habari ya asubuhi. Tunakuja watu wazima wawili na watoto watatu. Sahani ya mtoto ni pesa ngapi? Bei iko na ushuru ndani? Pale pa kuchezea tunalipia? Mnakubali maji ya kutoka nje?" Dakika mbili zinatosha. Jinsi wanavyokujibu pia itakuonyesha kama watoto wanakaribishwa kweli ama wanavumiliwa tu.

Uliza pia kama kuna siku za ofa. Baadhi ya mikahawa ya piza hutoa mbili kwa bei ya moja siku ya kawaida ya wiki, na mingine ina chakula cha mchana cha bei maalum Jumatatu hadi Ijumaa. Wakati wa likizo watoto hawako shule, kwa hivyo si lazima mwende Jumapili mkapigane na umati wa waliotoka kanisani. Kama unaweza kuomba ruhusa ya nusu siku kazini, Jumanne ni siku tamu sana ya kwenda Karen.

Saa nayo ina maana. Ukila saa tisa badala ya saa saba, mlo mmoja unafanya kazi ya chakula cha mchana na cha jioni. Wape watoto ndizi na njugu kwenye matatu mkienda. Tunasema hivi kwa sababu mtoto mwenye njaa ndiye anayepandisha bili: wakati nyama bado iko jikoni, mmeshaagiza chipsi mbili, soseji na soda za kumtuliza.

Mkitaka kukwepa bustani na maweita kabisa

Ndani ya majumba ya maduka kama The Hub na Galleria kuna sehemu za kujinunulia mwenyewe kaunta. Hapo hakuna ada ya huduma na bei ziko ukutani, kila mtu anaziona kabla ya kufungua mdomo. Mmoja anaweza kununua kuku, mwingine wali, mkaketi meza moja. Usipuuze supamaketi pia. Zile kubwa zina kaunta ya chakula moto, na kuku mzima wa kuokwa pamoja na mkate na matunda unashibisha watu watano kwa pesa kidogo kuliko sahani tano. Mnaweza kuvibeba hadi Oloolua, ile njia ya msituni hapo hapo Karen, ambako kuna kiingilio na mahali pa pikniki.

Halafu kuna swali ambalo watu wa Karen wenyewe huogopa kuuliza: anayekata nyasi, anayelinda geti na anayekuletea hiyo juisi ya bei, yeye hula wapi? Hula kibandani. Karibu na steji, nyuma ya maduka, au kando ya mjengo unaoendelea, kuna mama anayeuza chapati, madondo, mboga na nyama ya mchuzi. Fuata mafundi saa saba kasorobo utamwona. Kwa familia, angalia mambo matatu tu: maji ya kunawa mikono yakiwa na sabuni, umbali kutoka barabarani, na choo kilicho karibu. Jambo moja wageni hawalijui ni kwamba vibanda vingi vya namna hii hufungwa Jumapili, kwa sababu mafundi hawako kazini. Nenda siku ya kazi au Jumamosi, na ufike mapema kabla sufuria hazijakwisha.

Wanaotaka nyama choma wasishukie Karen. Matatu 111 ya Ngong Road hupita Karen na kuendelea hadi mji wa Ngong. 126 hupitia Lang'ata Road na Magadi Road hadi Kiserian. Huko ni Kajiado, mbuzi wako karibu, na nyama unapimiwa kwa kilo ukiona mizani kwa macho yako. Mnaweza kushinda Karen asubuhi kwa matembezi kisha mkale Ngong. Ulizia kama kuchoma kuko ndani ya bei ya kilo, kachumbari na ugali ni bei gani, na itachukua muda gani. Ukipata namba yao, agiza mkiwa bado njiani.

Kulipa bila kupoteza pesa kidogo kidogo

Ukilipa kwa namba ya tili ya kununua bidhaa, mteja hakatwi ada. Ukitoa pesa kwa ejenti ili ulipe taslimu, unakatwa ada ya kutoa. Na ukiambiwa "tuma tu kwa hii namba yangu," unakatwa ada ya kutuma, na risiti ya mkahawa huenda usiione. Omba tili kwanza.

Soma jina linalotokea kabla ya kukubali malipo. Mara nyingine jina hilo si lile lililo kwenye bango la mkahawa, kwa sababu biashara imesajiliwa kwa jina la kampuni. Usikisie, muulize keshia, "Jina litakuja nani?" Likilingana na alilosema, endelea. Likiwa tofauti, simama hapo. Kurudishiwa pesa kunawezekana lakini huchukua muda, na ni vizuri kuanza kufuatilia mara tu unapogundua, kabla hujatoka mlangoni.

Mkiwa familia mbili au tatu, wengi humwachia mmoja alipe bili yote halafu wengine wanamtumia. Kila anayemtumia anakatwa ada, na kila mara kuna mmoja ambaye "mtandao ulimsumbua" mpaka wiki ijayo. Mwombe weita agawanye bili, kila familia ilipe fungu lake moja kwa moja kwa tili. Urafiki unabaki na aliyejitolea hageuki kuwa mdai.

Kuhusu pesa zenyewe, rudi kwenye ile bili yetu ya 3,100. Ongeza nauli, tuseme 500 kwenda na kurudi, tukijua mvua ikinyesha makanga nao hupandisha. Jumla ni 3,600. Ukiweka shilingi 100 kila siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 6, umezifikisha. Ziweke kwenye akiba iliyofungwa, si kwenye salio la kawaida ambapo tokeni za stima zitazimeza. Weka tarehe ya kufunguka iwe asubuhi ya siku ya safari yenyewe. Na mkiwa mezani, waambie watoto wakubwa kiasi kilichopo kabla menyu haijafunguliwa, halafu waachie wachague wenyewe wale nini ndani ya kiasi hicho. Usishangae mtoto wa miaka kumi akianza kulinganisha bei za chipsi kuliko wewe.