Mitwaba: Hewa ya ndani ya nyumba, pua haitoshi kuipima

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku katika milima ya Kibara haina mchezo. Huko Mitwaba, kaskazini mwa jimbo la Haut-Katanga, bukari ukishaiva makala hubaki mekundu kwenye mbabula, na kuyazima huonekana ni hasara. Basi mbabula inaingizwa chumbani ili watoto wapate joto. Mlango unafungwa, tundu la dirisha linazibwa kwa kitambaa, watu wanalala.

Kinachodanganya ni kwamba makala hayana moshi. Kuni zikiwaka ndani, macho yanatoa machozi, mtu anakohoa na kufungua mlango mwenyewe. Makala yaliyoshika vizuri hayamsumbui mtu, lakini ndiyo yanayotoa kwa wingi monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikifika katika damu inachukua nafasi ya oksijeni, na inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, moyo unachafuka, miguu inalegea. Wengi watasema ni malaria. Aliye usingizini hasikii hata hayo, naye anaweza asiamke. Watu wa nyumba moja wakiamka wote na kichwa kinauma, kisha wakapata nafuu wakikaa nje, hewa ya chumba ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Vipo vifaa vidogo vya betri vinavyolia gesi hiyo inapozidi. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, katika mwongozo wake wa 2021 linataka isipite miligramu 4 katika kila meta ya ujazo ya hewa kwa saa 24. Kwa chembe ndogo za moshi, zile zinazofika ndani kabisa ya mapafu, kikomo cha saa 24 ni mikrogramu 15. Jikoni palipofungwa, kuni zikiwaka, chembe hizo hufika mamia. OMS lilihesabu kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3,2 duniani mwaka wa 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237.000 walio chini ya miaka mitano.

Lubumbashi nako hakuna nafuu kubwa. Umeme wa SNEL ukikatika, hata jamaa yenye resho ya umeme inarudi kwenye makala, na mvua ikinyesha mama hawezi kupikia uani. Mbabula inahamia barazani, halafu ndani.

Na mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, huleta shida yake. Unyevu wa mapishi, wa nguo zinazoanikwa ndani na wa pumzi za watu unapanda hadi kwenye malata. Usiku malata yanapoa, maji yanaganda chini yake na kudondoka kitandani. Ukuta wa matofali mabichi nao unavuta maji kutoka ardhini. Kipimo kidogo cha unyevu kikionyesha kati ya asilimia 40 na 60, chumba kiko sawa. Kikikaa juu ya 70 siku nyingi, ukungu mweusi utaota kwenye kona na nyuma ya kabati, na mwenye pumu atakuwa wa kwanza kuusikia kifuani.

Darasani na kanisani jambo ni lingine: pumzi za watu wengi mahali pamoja. Hapo hupimwa dioksidi ya kaboni, ambayo nje ni karibu sehemu 420 katika milioni. Ikipita 1.000 ndani, ni alama kwamba watu wanavuta tena hewa waliyokwisha kuitoa. Kwa nchi ambayo OMS inaihesabu kati ya 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, hilo si neno dogo. Madirisha mawili yanayotazamana hufanya kazi kuliko manne ya upande mmoja.

Ghala la mahindi ndilo linalosahaulika, ingawa ndilo rahisi zaidi kupima, bila kifaa cha kununua. Mahindi yakiwekwa na maji mengi, kuvu huota na kuacha sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini na isiyoondoka kwa kupika. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi yake na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie. Chumvi ikibaki chini, mahindi yanaweza kuingia ghalani. Ikigandamana kwenye kioo, bado yana maji ya kupita asilimia 15: yarudishwe juani.